Jino la Kasuku na Mashini Mpya

Kijiwe cha kahawa cha Mama Aicha kiko ubavuni mwa soko la Kasongo, na asubuhi hiyo kilichemka kuliko birika lenyewe. Jana yake mashini ya kupiga picha meno ilikuwa imeshuka na pikipiki, na leo kila mtu alikuwa mtaalamu. Aliyenyamaza ni Iliasi peke yake, yule ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Kasuku. Shavu lilikuwa limemvimba. Akitoka machimbo ya Salamabila alishindilia punje ya dhahabu ndani ya jino lake bovu, akaziba kwa nta ya nyuki ili apite kwenye bariyeri za askari njiani bila kunyang'anywa. Punje hiyo ilikuwa ya kufulia hereni za harusi ya binti yake Aziza. Kwenye bariyeri punje ilipita, lakini kutoka jinoni ikakataa katakata, na pale kijiweni hakuna aliyejua.

— Kasuku, enda wakupige foto! alisema Emile, kinyozi, jina lake la kijiwe Radio. Mashini kadogo, mutu anaishika tu mu mukono. Inatumika na batri!

— Na foto hawaisafishe tena mu maji, alidakia Célestin, fundi wa baiskeli waliyemwita Enjenieri. Unafunga macho, unafungua, meno yako iko mu kioo!

Moyo wa Iliasi uliruka kwa furaha, huenda sasa jino likapona. Usiku kucha maumivu hayakuwa yamemwacha alale.

— Inaonaka nini? aliuliza kwa upande mmoja wa mdomo.

— Yote! alijibu Enjenieri. Mizizi, usaha, mufupa. Ukiwa na chuma mule, inatoka nyeupe pee!

— Na zahabu?

— Zahabu njo ya kwanza!

Iliasi alijuta kuuliza.

— Inaona mpaka chakula ya juzi, alisema Radio.

— Juzi? Inaona uongo! alidakia Enjenieri. Maneno yote inapitaka mu meno, inaacha alama. Wazee walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Njo maana dokta anazima taa!

— Walisema tena, asiyekuwapo na lake halipo, alisema Radio, lakini hii mashini inakataa! Jino yenye ilishang'olewa, inaipiga foto vilevile!

— Kesho wataiweka mu bariyeri ya Salamabila, aliapa Enjenieri. Mutu anacheka tu, wanajua mpaka shimo yenye alichimba!

Hapo Iliasi aliingiwa na hofu ya kweli. Kwa kuchanganyikiwa akakinyakua kikombe ambacho hakukigusa tangu afike, akaigida kahawa ikiwa moto. Maumivu yakampanda mpaka utosini.

— Yaa mama! akapiga ukelele, kinywa wazi.

Jeannette, mganga wa meno aliyekuja na mashini hiyo, ndiyo kwanza alikuwa anafika kununua kahawa. Mkononi hakuwa na kitu ila kikombe. Akainama, akachungulia.

— Pole, baba. Lakini kile chenye kinang'aa mu jino yako, ni kitu gani?

Radio alimtazama Enjenieri. Enjenieri akamtazama Mama Aicha.

Iliasi alifumba mdomo haraka, akapapasa kwa ulimi. Nta ilikuwa imekwenda na kahawa, na punje inacheza. Jibu alikuwa nalo, ila akifungua mdomo kulitoa, hereni za Aziza zingeanguka vumbini mbele ya soko zima.