Familia ya Ijumaa ya Madam Kalunde

Baada ya miaka thelathini ya ualimu, kumi na minane kati yake katika shule yetu hapa Machakos, Madam Kalunde anastaafu leo, tarehe 30 Julai 2004.

Alikuja kufundisha Jiografia. Lakini wasichana walizoea kubaki darasani baada ya kipindi wakimweleza ya nyumbani kwao, akaona kusikiliza tu hakutoshi. Mwaka wa 2001, akiwa na miaka hamsini na miwili, akaanza kusomea Nairobi shahada ya uzamili ya tiba ya ndoa na familia. Kila Jumamosi alipotoka na begi mgongoni, tulimwitia dirishani, "Madam, kazi ya nyumbani umemaliza?" Naye alisema bado, na mwalimu wake ni mkali kumliko.

Mafunzo yalitaka familia ya kufanyia mazoezi. Za kweli zilikataa kurekodiwa kwenye kaseti, basi akaunda yake. Bwana Muindi wa maabara akawa baba, Nthenya wa jikoni akawa mama, na mimi, nisiyesikika hata nikiulizwa jina, nikawa binti. Kila Ijumaa saa kumi tuligombana ili atupatanishe. Siku moja Nthenya alichemka mpaka Muindi akainua mikono: "Madam, hata kwangu sijawahi gombezwa hivi!"

Katika kaseti ya mwisho nilitakiwa kumuuliza baba mbona hakai nyumbani. Nilimuuliza, nikalia, na kilio kikakataa kuisha. Mhadhiri wake alisikiliza akasema huyo binti anaigiza vizuri sana. Madam hakunipongeza. Aliniuliza baba yangu anakaa wapi. Nikamwambia Masii, na hajalala kwetu tangu niingie Kidato cha Kwanza.

Sikuwa naigiza. Wiki nzima nilingoja Ijumaa nikakae kati ya watu wawili wanaoniita mwanangu. Madam alipofuzu mwaka jana, shule nzima ilipiga vigelegele. Nami nilipiga, huku nikijua Ijumaa zimeisha.

Sasa anafungua chumba cha ushauri hapa mjini. Madam, asante kwa kuuliza. Mama amekubali kuja. Baba nimemwandikia barua, hajajibu. Tunakutakia mapumziko mema, ila usipumzike sana. Tuwekee viti vitatu, hata kama kimoja kitakaa wazi kwa muda.

Ndunge, Kidato cha Nne