Mwalimu Ilias na Basi la Heshima

Ikifika tarehe thelathini Juni, Mwalimu Ilias atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika shule yetu ya udereva hapa Bwiza, na siku hiyo hiyo anastaafu. Direkta wetu, Bwana Gaël, ameniomba niandike maneno machache mazuri. Machache nitayaweza. Mazuri, Mungu anisaidie, maana mimi nimekaa mapokezi miaka mingi, ukuta mmoja na darasa lake, na ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba.

Aliajiriwa kufundisha kode, yaani sheria za barabara. Mwanzoni alifundisha kwa chaki ubaoni, na alikuwa mwalimu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kesho nitaulizwa na Mola. Akichora lori, lilitoka mbuzi. Wanafunzi wakacheka, naye ni mtu wa kununa, akanuna wiki nzima. Kisha akaja na meza iliyochorwa barabara na mzunguko wa magari katikati, na juu yake gari moja jeupe, dogo kama kiatu cha mtoto mchanga, alilolikata mwenyewe kwa plastiki.

Plastiki hiyo anaipata kwenye friji zilizokufa. Mafundi wa friji wa mtaa huu wakimwona wanaficha milango, maana akiuona mlango mmoja umelala chini anaubeba kabla hajasalimia. Ile plastiki nyeupe ya ndani anaikwaruza kwa wembe, anaikunja, inakatika, pak! Halafu vipande anaviunga kwa diluant, ile dawa ya kuzimulia rangi, akiipaka kwa brashi nyembamba. Plastiki inayeyuka kidogo, inashikana. Ndiyo kazi yote. Lakini yeye aliifanya ionekane kama upasuaji wa moyo. Ukipita karibu ukapumua, unafukuzwa. Vigari vya dukani aliviita sabuni, eti havina pembe.

Haki yake nitampa: magari yalipendeza. Kulikuwa na Coaster, kulikuwa na tuk-tuk, kulikuwa na Probox yenye usukani upande wa kulia kama nusu ya Probox za mji huu, ingawa huku magari hupita kulia. Kulikuwa na lori linalopanda mlima wa Bugarama, na nyuma yake baiskeli ya ndizi, mwenyewe ameshika lori kwa mkono mmoja kama mtu asiye na watoto nyumbani. Wanafunzi waliyagonganisha kila siku. "Gonga hapa, usiende kugonga barabarani Ngagara," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Essence, yaani petroli, ilipokosekana mjini na magari ya shule yakalala uani, meza yake ikawa barabara pekee yenye magari yanayotembea. Alijivuna siku zile, ungedhani amechimba kisima cha mafuta.

Na kila gari lilikuwa na tundu dogo chini. Tundu hilo tumelisikia mpaka masikio yamechoka. Ukiunga boksi la plastiki pande zote bila kuacha tundu, mvuke wa diluant unafungiwa ndani, unalainisha kuta taratibu, na baada ya wiki chache gari linabonyea lenyewe. Maxime, mwalimu mwenzetu, aliwahi kutengeneza ambulansi bila tundu. Ilipobonyea, Ilias aliizungusha darasa kwa darasa kama mwizi aliyekamatwa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, Bwana Gaël, kwa moyo safi kabisa, akatangaza kwamba shule itamheshimu mstaafu wake. Likanunuliwa kabati la kioo lenye kufuli, likawekwa pale mapokezi, ili magari yapangwe ndani na wageni wayaone. Sisi wote tulisema Ilias atakataa. Tulimjua vibaya. Mtu aliyezoea kunung'unikiwa akasifiwa mara moja, akalewa. Siku ya pili yake meza ilikuwa tupu. Magari yameoshwa, michubuko imepakwa rangi, ufunguo uko shingoni mwake. "Musiguse kioo!" Ndiyo salamu mpya. Akarudi kwenye chaki, na lori likarudi kuwa mbuzi.

Halafu akaanza basi jipya la kukaa katikati ya kabati. Sisi tuliliita basi la heshima. Madirisha yote yamezibwa, na chini amelifunga laini, halina hata mkwaruzo, kama la kiwandani.

Aliyeumia ni mwanafunzi mmoja, Jovithe. Huyu ni baba wa watoto, anatoka Buterere, alikuwa akibeba magunia ya mchele kwa baiskeli. Tajiri wake alimwahidi pikapu aendeshe, mradi apate permi, leseni ya udereva, kabla ya mavuno. Asipopata, anapewa mwingine. Kitabu cha kode ni cha Kifaransa, na Kifaransa na Jovithe hawajawahi kusalimiana. Alikuwa amefeli mara mbili, zote kwenye swali la nani apite kwanza mzungukoni. Ile meza ndiyo ilikuwa kitabu chake. Sasa alikuja kila siku, akasimama paji la uso kwenye kioo, kidole chake kikizungusha magari hewani.

"Mwalimu, ile tuk-tuk ndiyo inangojea?"

"Soma kitabu."

Nilisikia kwa masikio yangu. Ilikuwa Ramadhani, nikayameza maneno yangu, yakawa ndiyo futari.

Baada ya Idi, Ijumaa moja, Direkta alitukusanya na Fanta zetu kulizindua basi la heshima, lililokuwa limefunikwa kitambaa wiki kadhaa kungojea siku hiyo. Kitambaa kikaondolewa. Paa lilikuwa limezama. Mbavu zimeingia ndani. Lilifanana na godoro la hoteli ambayo sitaitaja.

Maxime ndiye wa kwanza kufungua kinywa. "Mwalimu, hii basi imebeba nini? Zambi zako?"

Ilias akaligeuza, akatafuta tundu chini. Angetafuta mpaka Kiyama.

"Ni muundo mpya?" akauliza Direkta kwa adabu zake.

"Apana. Ni ujinga wa zamani."

Jovithe alikuwa mlangoni. Hakucheka. Akasema, "Mwalimu, kama hiyo imeshaharibika, mi naweza kuishika?"

Ilias akavua ufunguo shingoni. "Si hiyo peke yake," akasema. "Toa yote. Na mutu aniletee meza yangu."

Fanta zilipata moto. Jovithe aliuzunguka ule mzunguko na basi lililozama mpaka tukasikia adhana ya Alasiri, akavunja kioo cha pembeni cha Probox. Ilias akakiokota, akakitia mfukoni. "Umeua watu wawili," akamwambia. "Rudia, baba." Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita mwanafunzi baba.

Jovithe alipata permi mwezi wa tano, na pikapu anaiendesha. Anamwambia kila mtu kwamba Mwalimu Ilias ni mpole. Mungu amsamehe kwa uongo huo.

Sasa, Mwalimu, nakusemesha wewe mwenyewe. Tunakushukuru kwa kila aliyegonga mezani kwako ili asigonge barabarani. Hao wamo mji mzima na hatutawajua kamwe. Chanelle anayechukua darasa lako hajui kukata plastiki, lakini ameahidi kwamba kila mwanafunzi atayashika magari, na kinachovunjika utaletewa nyumbani ukiunge. Uunge bila kelele. Tunakuombea maisha mema, na Mwenyezi Mungu akujalie afya, riziki ya halali, na watu wa nyumbani wasiokusifu sana.

Zubeda, mapokezi