Chuma Walichosema Kimeua

Kamwene, ndugu zangu. Mchungaji ameniomba niseme kwa ufupi, nami nimemjibu kwamba jambo lenyewe si fupi. Nivumilieni. Sitamtaja mtu jina, wala msinifuate baadaye nje kuniuliza ni nani.

Wengi hapa Makambako mnanijua kwa kazi yangu. Mimi nachomelea vyuma. Baba alinifundisha kule Kichiwa, kwenye majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Nilipoolewa mjini tukafungua gereji na mume wangu. Yeye akashika injini, mimi nikashika chini ya gari.

Pikapu zilizopanda Matamba na Ipelele kufuata viazi zilikuwa na ugonjwa mmoja. Njia ya kule gurudumu moja linapanda jiwe, la pili linaning'inia, na springi inakatika kwenye ncha kwa kukosa nafasi ya kucheza. Vishikio vya springi vya dukani ni vifupi. Basi nikachora vya kwangu, virefu zaidi. Vya kwanza vilipinda. Nikatafuta bamba nene kutoka kwenye chesisi ya lori bovu; vikapasuka kwenye pembe. Nikaziviringa pembe, nikatoboa matundu kwa drili badala ya kuyachoma kwa moto. Tukapakia mchanga kwenye pikapu, tukapandisha gurudumu moja juu ya magogo, nikalala chini kutazama. Havikupasuka tena. Nawaambia ukweli, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mume wangu alinisikia nikisema hivyo.

Mfanyabiashara mmoja wa viazi akaja, nikamfungia vishikio hivyo kwenye pikapu yake. Nikamwomba alirudishe gari baada ya safari chache nilikague. Hakulirudisha.

Siku moja ya mvua pikapu ile ilipinduka kwenye mteremko wa Ipelele, imejaa viazi na watu juu ya viazi. Dereva alikufa. Akafa binti mmoja aliyekuwa anakwenda kuanza chuo cha ualimu, na mwanamume mmoja wa kijiji hicho.

Nilikwenda msibani. Nilichukua unga na kitenge, kama mnavyofanya ninyi. Mwenye gari, yule mfanyabiashara, alikuwa amesimama mbele ya waombolezaji, ameshika kipande cha chuma kilichopinda, anawaambia hiki ndicho kimewaua, kimetengenezwa na mwanamke kwenye gereji ya uani. Niliomba nikishike nikitazame. Wanawake wakanisukuma. Mmoja akaumwaga unga wangu kwenye matope, akaukanyaga, na wengine wakasogea ili nao wapate nafasi ya kuukanyaga.

Niliporudi hapa mjini, habari ilikuwa imenitangulia. Wakaja wanaume gerejini, mchana, watu wanapita barabarani. Hawakuvunja kitu. Walinishika, wakaulaza mkono wangu wa kulia juu ya kipande cha reli tunachofulia vyuma, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama huu ndio ninaochomelea. Nikasema ndiyo. Wakatumia nyundo yangu mwenyewe. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya mitungi ya gesi. Nilimtazama yeye, sikuitazama nyundo. Alikuwa anaangalia chini, kama mtu aliyeangusha nati.

Mnauona huu mkono. Hivi vidole vitatu havikunjiki.

Nilipotoka hospitali, mashine ya kuchomelea haikuwepo, mume wangu pia hakuwepo. Nikarudi Kichiwa kwa mama. Ndugu zangu wa tumbo moja walikuja kunipa pole, wakakaa na watoto wao mbali nami, na shangazi akamshauri mama aniweke chumba cha nje. Mama alinilisha kwa mkono wake mpaka nilipoweza kushika kijiko.

Lakini kilichonila zaidi si watu. Ni kwamba niliwaamini. Kila siku nilichora kile kishikio kwa mkaa kwenye sakafu, natafuta mahali kilipokatikia. Nilijiambia, pale kwenye tundu. Kesho yake nikasema hapana, ni pembeni. Niliwaua watu kila siku, kila siku mahali pengine.

Basi, siku moja akaja mama mmoja, amevaa viatu vya mvua, amebeba mwavuli. Mama yangu akamkaribisha. Akajitambulisha kwamba ndiye aliyemzaa yule binti. Mimi nilijua amekuja kumaliza walichoacha wenzake. Sikusimama. Akaiangalia ile michoro sakafuni muda mrefu, kisha akasema:

"Sijaja kukusamehe. Nimekuja unionyeshe kilichomuua mwanangu. Wewe ndiye unayejua vyuma."

Nikamwambia ninaogopa kukiona.

"Na mimi ninaogopa," akasema. "Vaa, twende."

Pikapu ilikuwa imevutwa hadi Njombe, iko kwenye uwanja wa polisi, majani yameota hadi madirishani. Askari alikataa. Yule mama akaketi getini, akafungua mwavuli, akakaa mpaka askari alipochoka kumruka, akatufungulia.

Nikaingia chini kwa mgongo. Ndugu zangu, vishikio vyangu vyote vilikuwepo. Kimoja kimejikunja kidogo, lakini kimeishika springi yake, na boliti zake zimekaza. Kile chuma cha msibani hakikuwa changu. Sijui kilitoka kwenye kitu gani. Kilichokatika ni rodi ya usukani. Iliwahi kukatika zamani, ikaungwa kwa kuchomelewa ovyo, na ndani ya ule mkato kulikuwa na grisi ya siku nyingi. Ilikuwa imeshaachia nusu kabla ya safari ile.

Nikamwita yule mama. Alilala kwenye majani kando yangu na gauni lake la kanisani, nikauchukua mkono wake, nikakiweka kidole chake kwenye ule mkato. Akauliza kama mwenye gari alijua. Nikamjibu kwamba aliyeagiza iungwe alijua. Akakaa hivyo, kidole pale pale. Mimi nililia, yeye hakulia.

Jumapili alisimama kanisani kwao Ipelele akawaeleza alichokigusa, na akamtaka mkaguzi wa magari aende akatazame. Alikwenda. Mwenye gari alishtakiwa, akatozwa faini, na leo anaendesha gari jipya. Sitawadanganya kwamba haki ilitendeka. Mume wangu alirudi kuomba msamaha. Nilimpa chai, akaenda zake.

Nilijifunza upya kuchomelea, kwa mkono wa kushoto. Namshukuru mama yangu. Namshukuru muuguzi aliyekiokoa kidole gumba hiki. Namshukuru jirani yangu Mwislamu aliyelificha grenda langu dukani kwake na kunipa baraza nianze tena. Yule mama wa Ipelele namshukuru kuliko wote, ingawa mpaka leo hatujawa marafiki.

Nilichojifunza ni hiki: ukionyeshwa chuma na kuambiwa kimeua, omba ukishike kwanza.

Wawili kati ya wale walionishika mkono wamo humu ndani asubuhi hii. Nimesema sitataja, na sitataja. Mmoja aliniletea pikapu yake majuzi, hakuweza kunitazama. Niliifungia vyuma vizuri, nikairudia kuikagua, kwa sababu juu ya mizigo yake watakaa watoto wa watu.