Ulevi wa Kuazima

Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, mlango ulifunguliwa nikaulizwa: "Umeokolewa kutoka katika nini?"

Nikajibu: "Katika mvua."

Ndugu zangu, Bwana na asifiwe katika yote, hata katika jibu lile! Kwa jibu lile nililala juu ya magunia.

Naitwa Zefania, mpasua mbao wa Mtae. Darasani nilikaa miaka miwili tu. Mengine nimejifunza mwenyewe kwa kusoma chochote kilichochapishwa, hata karatasi ya kufungia sukari. Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Masika yalikuwa makali, na kilima kilichokuwa juu ya nyumba yangu kikahamia bondeni kabla ya watu kuambiwa wahame. Kilikwenda na nyumba, banda na msumeno. Mke wangu alikuwa amekwisha kutangulia kwa Bwana. Binti yangu Mariamu aliolewa Kwamkoro, wanaishi watu sita katika chumba kimoja cha kambi ya chai. Nikaenda Lushoto kutafuta kazi, na watu wakanielekeza kwenye nyumba ya usharika mmoja ambako wasio na makao walipokewa bure.

Aliyefungua mlango alikuwa msimamizi, Ndugu Barnaba, kijana asiyefika miaka thelathini, na funguo zimening'inia shingoni kwa kamba. Nataka kumtendea haki. Hakuwa mwizi, wala hakuwa mkatili. Aliomba sana na alijua kupika maharage. Ila kila Jumapili alasiri walikuja wageni kutoka Soni na kwingineko wakiwa na vikapu, naye alikuwa ameona jambo moja kwa macho yake: mlevi aliyeokoka akisimulia habari zake, vikapu vilikuja vimejaa kabichi na viazi. Mtu akisema tu kwamba nyumba yake ilibomoka, waliacha karoti chache na kumpa pole.

Basi akaipanga nyumba kufuatana na dhambi. Bweni lilikuwa ghala la kahawa la zamani, wanaume upande huu, wanawake nyuma ya ukuta wa mbao. Aliyeokolewa uchawini alipewa kitanda cha karibu na jiko na blanketi mbili. Mwizi alipata kitanda na blanketi moja. Mlevi alilala dirishani. Asiye na kitu alilazwa juu ya magunia, mbele ya mlango ambao chini yake paka angepita bila kuinama.

Na wote tulimwamkia Barnaba shikamoo! Hata Bi. Nambua, bibi mwenye meno mawili, ambaye angeweza kumbeba Barnaba mgongoni utotoni mwake. Nilipomwuliza Barnaba kama haoni haya kuitikia marahaba, alisema kwa upole kabisa: "Shikamoo ni ya ufunguo, ndugu. Si yangu mimi."

Ijumaa aliniita jikoni. "Ndugu Zefania, jitafute vizuri. Hakuna mtu asiye na kitu."

"Nimewahi kukasirika."

"Ukampiga mtu?"

"Nikanyamaza."

"Hukunywa?"

"Chai."

Akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa kuku wa mifupa mitupu. Kisha akasema kwamba nisiposhuhudia Jumapili, Jumatatu nimpishe mwenye ushuhuda. Ndugu zangu, mvua haikuwa imekatika. Tangu siku ya matope nilikuwa nakohoa, na katika mji ule sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Aliyenihurumia alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani, Simeoni, mchuma chai kutoka Kigoma aliyeachishwa kazi kwa sababu ya uzee. Alinivuta pembeni. "Chukua ulevi wangu," akasema. "Nimeshausema Jumapili tatu, wageni wameuchoka. Mimi nahamia kwenye wizi."

"Kwani mzee ulikuwa ukinywa?"

"Mimi? Mimi ni Mwislamu, bwana. Naitwa Saidi. Tangu nizaliwe sijaonja."

"Sasa ulevi uliujulia wapi?"

"Kwa jirani. Kuta za kambini ni nyembamba."

Mimi sipendi kusema jambo nisilolijua, kwa hiyo nililifanyia mazoezi. Nikiwa nimekaa maguniani, nilijisemea: "Nilikunywa boha, ile pombe yetu ya miwa, chupa mbili kila jioni, isipokuwa Ijumaa." Palikuwa na bwana mmoja aliyelala maguniani karibu nami. Jina lake silitaji. Tangu nifike sikuwa nimesikia sauti yake. Aligeuka akasema: "Mlevi hahesabu alizokunywa. Anahesabu zilizobaki." Kisha akageukia ukuta. Nikasahihisha sehemu ile. Baadaye ndipo nilipojiuliza alijuaje, na kwa nini mtu mwenye elimu kama ile alilala mlangoni nami.

Jumapili wageni walijaa. Mchungaji wetu, mzee wa miwani, alikaa mbele. Yeye alikuwa na mitaa mingi, na nyumba ile aliifikia mara chache. Bi. Nambua akaanza na uchawi wake, vikapu vikasogea. Mzee Saidi akaja na wizi. Aliiba mbuzi, lakini kwa kuwa jambo lilikuwa jipya kwake, katikati mbuzi akageuka ng'ombe. Hakuna aliyejali. Kisha nikasimama mimi.

"Ndugu zangu, nilikuwa mlevi!"

"Ee Bwana!" wakaitikia.

Nawaambia kweli, kuna utamu katika kuitikiwa. Nikaendelea. Nikauza sufuria za marehemu mke wangu ili ninywe. Nikaanguka mtaroni. Nilikuwa bado mle mtaroni, naisubiri neema, mara sauti kutoka nyuma ikasema: "Mwongo!"

Alikuwa Mama Hiza, jirani yangu wa Mtae, tunayepakana naye shamba. Alikuwa amekuja kumsalimia dada yake, wakaongozana kuja kusikia shuhuda.

"Baba Mariamu! Hayo umeyatoa wapi? Mlevi gani wewe? Kwenye harusi ya Hiza wangu ulikunywa uji!" Akawageukia wageni. "Huyu togwa ikilala siku moja tu ikaanza kuchachuka, haigusi! Na sufuria za marehemu ziko kwangu, nilizichimbua matopeni kwa mikono yangu. Nani amemchafulia jirani yangu jina?"

Ndugu zangu, nimewaona watu wakiumbuliwa kwa kukutwa na dhambi. Mimi niliumbuliwa kwa kuikosa! Na ile moja niliyokuwa nayo ndiyo niliyokuwa nikiitenda pale pale, mbele ya mchungaji.

Nikasema: "Mama Hiza anasema kweli. Sijanywa kamwe. Nilitaka kitanda."

Bi. Nambua akainuka kwa fimbo yake. "Na mimi sijaroga hata kuku. Nilisikia baridi."

"Mbuzi simjui," akasema Mzee Saidi. "Wala ng'ombe. Na mimi si Simeoni, ni Saidi."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakiungama usafi wao. Muda mfupi tu, nyumba nzima ikawa haina mwizi wala mchawi. Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Barnaba," akasema, "umebakiwa na mwenye dhambi hata mmoja?"

Barnaba akazishika funguo zake shingoni. "Nadhani nimebaki mimi, baba."

Watu wakacheka, naye akalia, kisha akacheka pamoja nao. Mimi nilimtazama yule bwana wa maguniani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemwuliza neno, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Hapo ndipo Bwana alipotutembelea! Mchungaji hakuondoka. Alitaka wenye nyumba wakae mbele na wageni nyuma, akatuuliza sisi tunaolala pale nyumba iendeshwe vipi. Bi. Nambua hakungoja zamu. "Kwanza huyu kijana aniamkie."

"Shikamoo, bibi," akasema Barnaba.

"Marahaba. Sasa lete uji."

Tukakubaliana kwamba vitanda wapewe kwanza wazee na wagonjwa, na vikibaki tupeane zamu. Wanawake wakadai komeo la mlango wao liwe la kufungia ndani. Mzee Saidi aliomba jina lake, na maji, na kona safi ya kuswalia. Hapo mzee mmoja wa kanisa alisimama na kuuliza nyumba ya Mungu itamlazaje asiyeshuhudia habari zake. Mchungaji akamjibu: "Mvua haikumwuliza."

Mimi nilishikilia mawili. La kwanza, asitolewe mtu nje kabla ya kuelezwa kosa lake mbele ya wenzake na kusikilizwa. La pili, asisimamishwe mtu mbele ya wageni kueleza maisha yake asipotaka, na anayenyamaza asinyimwe kitanda wala chakula. Yakakubaliwa yote. Mlangoni likabaki swali moja: umekula?

"Na kabichi, je?" akauliza Barnaba.

Lilikuwa swali la haki, kwa maana vikapu vya Soni vilipungua kweli. Tulikula maharage matupu kwa majuma kadhaa, na wengine walinitazama vibaya. Lakini Mama Hiza alirudi Mtae akatangaza kila nyumba kwamba kuna watu Lushoto wanalala maguniani kwa kukosa dhambi. Viazi vikaanza kuteremka kwa lori.

Yule bwana alipewa kitanda cha ukutani. Hajasimama mpaka leo kusema lolote, wala hakuna aliyemwambia asimame. Asubuhi anapasua kuni za nyumba yote.

Ndugu yangu unayesoma, labda nawe husimami kusifu kwa sababu habari yako ni ndogo. Njoo nayo hiyo hiyo! Bwana alinitoa matopeni, akanitoa mvuani, kisha akanitoa katika ulevi nisioujua, na sijui lipi lilikuwa gumu zaidi kwake. Namshukuru sana. Mwamini, wala usijipake rangi ili akupokee.

Na kwa kuwa ushuhuda usiokamilika ni nusu ya uongo, nataja na gharama. Mwezi ule tulioanza kusema kweli, sadaka ya nyumba ilipungua kwa shilingi kumi na nane na senti arobaini.