Buti za Kilimani

Fundi viatu alikuwa amepakata buti mpya za kike ndani ya basi, akimweleza nesi aliyekaa naye. "Jumamosi napanda kile kilima cha nyasi, dada, kule kusikopita mtu. Alfajiri kwenda, jioni kurudi." "Na wifi je?" "Miaka tisa aliniomba twende. Nami kila mara, ngoja nimalize viatu vya wateja, ndipo nikushonee vyako."

Bibi wa kiti cha nyuma akakumbuka kitendawili: avisha mji mzima, kwake wanakwenda peku. Jibu alikuwa nalo mbele yake, akalimeza.

"Si umeshamaliza sasa?" nesi akamuuliza. "Buti nimemaliza, magoti yake yamegoma. Kasema nizibebe, angalau zenyewe zifike juu."

Basi liliposimama, nesi akainuka kushuka. "Basi, kaka, zirudishe na matope."