Mama wa Dirisha Namba Nne

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, historia hii imeandikwa na mtoto wa mdogo wake, ambaye familia ilimteua bila kikao kwa sababu ana digrii na hana bosi wa kumwomba ruhusa, na marehemu mwenyewe alishasema, akiwa bado na nguvu za kucheka, kwamba mtoto huyo aachiwe asome, ila achungwe mdomo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule ya msingi Januari 1966 na kuimaliza Novemba 1972, akafaulu vizuri, lakini mwaka huo baba yake aliugua na akahitajika mtu wa kumuuguza, na aliyeitwa kuacha shule, kama kawaida, hakuwa mmoja wa kaka zake.

Tarehe 3 Machi 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali kubwa ya serikali, chumba chenye mvuke hata wakati wa baridi, ambako shuka hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na pembe zake, wakisogeleana hadi wakutane katikati, na ni hapo dereva wa gari la wagonjwa, aliyetumwa kufuata mashuka na kuambiwa asubiri, alipojifanya anasaidia kushika upande wa pili. Marehemu alikuwa akisema kwamba yule bwana hakujua kukunja hata kidogo, alijua kuongea, na kwamba kuongea kwenyewe kulitosha, wakafunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, na baada ya kungoja hadi watu wakachoka kuwauliza, wakajaliwa mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1986.

Mwaka 2009 uchumi wa dunia ulitetereka, kwenye mabenki ambayo hakuna hata mmoja wetu hapa aliyewahi kuwa na akaunti, wakopeshaji wakaitaka serikali ibane matumizi, na serikali ilipotafuta pa kubana ikaanza na chumba cha kufulia. Barua ilisema "with immediate effect", marehemu akaomba atafsiriwe, na alipoambiwa ni kuanzia papo hapo akauliza kama mashuka yaliyokuwa bado kwenye mashine ayatoe au ayaache. Aliyatoa, akayakunja na mwenzake, ndipo akaenda nyumbani.

Binti yake alihitimu uuguzi mwaka 2010, wakati ajira mpya zimesitishwa kwa sababu ileile, akakaa nyumbani na cheti chake huku wodi zikiwa na muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini, hesabu ambayo wakubwa wetu waliisoma kwenye semina na kuipigia makofi, hadi tarehe 2 Februari 2015 aliposaini mkataba na wakala, akasafiri nchi ya mbali kwenda kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Pasipoti yake ilishikwa siku aliyofika, na mkataba ulikuwa mwepesi kuuelewa, kwamba anayekwenda nyumbani, kwa sababu yoyote, nafasi yake inapewa mwingine.

Mume wa marehemu alifariki tarehe 17 Oktoba 2016, na binti alihudhuria mazishi ya baba yake kwa simu iliyoshikwa na jirani, mkono wa jirani ukachoka, simu ikashuka, na sehemu kubwa ya mazishi yale binti aliona viatu vya waombolezaji. Marehemu hakumlaumu jirani, lakini tangu siku hiyo kuna kitu kilihama ndani yake.

Februari 2017 alikwenda ofisi ya ajira za nje, akachukua namba kwenye mashine, akakaa kwenye benchi, na alipoitwa dirisha namba nne akauliza, "Mwanangu anarudi lini?" Karani akamjibu, "Mama, hilo swali si la dirisha hili," naye akasema, "Sawa mwanangu, nionyeshe dirisha lake nihamie." Halikuwepo. Jumatatu iliyofuata alirudi na mama jirani ambaye mwanawe anabeba zege huko nje, kisha akaja kondakta mstaafu mwenye mabinti wawili walioondoka, na kabla ya mwaka kwisha foleni ilikuwa imezunguka jengo zima, bila bango, bila wimbo, watu wazima wakichukua namba, wakisubiri, wakiuliza swali lilelile, wakishukuru na kwenda zao. Polisi walipoletwa waliwakuta raia wamekaa kwenye mabenchi ya serikali wakiwa na namba za serikali, na afande alipouliza kiongozi ni nani, kondakta akamwambia, "Kiongozi ni namba inayofuata, afande."

Foleni kama hiyo ikaanza katika miji mingine, kisha katika nchi nyingine zinazouza watoto wake kwa utaratibu uleule, wasomi wakaja na vinasa sauti wakaiita harakati ya kijamii dhidi ya mfumo wa dunia, na marehemu akawaandalia chai na kuwaambia, "Mimi namuulizia mtoto tu."

Tarehe 6 Septemba 2022 ofisi iliwaita wazazi na kuwapa neno moja la kukubali au kukataa, yaani likizo ya msiba, kwamba anayefiwa na mzazi, mwenza au mtoto atarudishiwa pasipoti, atapewa siku kumi na nne, na nafasi yake italindwa, ila suala la mzazi mgonjwa liwe "pending", yaani lisubiri kwanza. Kondakta alisimama akasema, "Jamani, mnakubali mtoto aje kuona kaburi?" na wengi walikuwa upande wake, hadi marehemu alipoinuka na kuwasimulia vile viatu, akasema, "Tuanze na hili, la wagonjwa litafuata," wakapiga kura, wakakubali.

Mwezi Oktoba 2023 madaktari waligundua saratani ya ini. Binti aliombewa ruhusa aje, na karani wa dirisha namba nne, ambaye kwa miaka ile yote alishakuwa kama mtu wa nyumbani, alisoma kanuni mara mbili kisha akasema kwa sauti ndogo, "Imeandikwa msiba, mama. Wewe upo." Marehemu alirudi akatusimulia akicheka, "Nimeambiwa nife kwanza," na kondakta aliyekuwa amekaa pale hakucheka, wala hakumkumbusha lolote.

Kilichobaki ilikuwa simu. Kila siku saa kumi jioni aliiweka juu ya mto, binti akiwa kazini huko, na mara nyingi hawakuongea, alisikiliza tu maji yakimiminwa, vyombo vikigongana, na yule mzee anayetunzwa na binti yake akikohoa, hata akamzoea mzee wa watu kwa kikohozi chake, akawa anauliza, "Leo kabanwa kifua, umemwinulia mto?" Siku moja alipoulizwa kama anajutia kura yake, alisema kwamba anatamani kuona kama mtoto amenenepa, maana sauti hainenepi.

Alifariki tarehe 11 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake. Ombi lililokaa miezi saba lilijibiwa kabla ya saa sita mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila vifaa, majirani waliolala sebuleni kwa zamu, wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja jana kumkunjia shuka ya mwisho, wawili wawili kama alivyopenda, wazazi wote wa foleni, na karani aliyeigongea mhuri ruhusa huku akilia. Tunamshukuru pia yule mzee wa mbali, ambaye mwezi Machi alimwandikia wakala kwa mkono unaotetemeka kwamba anaweza kuogeshwa na mtu mwingine, muuguzi wake aende kwa mama yake, akajibiwa "noted with thanks", yaani imeonekana, asante. Waliomjibu hivyo hawamo katika shukrani hizi, na hapo msomaji ameuchunga mdomo wake kadiri alivyoweza.

Mama mkubwa, mwanao amefika juzi usiku. Amenenepa kidogo, usoni. Ana ruhusa hadi tarehe 25, na kanuni inasema hakuna wa kumwita kabla ya hapo, kwa hiyo siku zote hizi ni zako. Pumzika kwa amani.