Mama Mipaka na Kabati la Wosia

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mipaka, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa seremala, mama mshonaji. Mama alitusimulia kwamba dada alilia mara moja tu, kisha akanyamaza na kuanza kutazama watu mmoja mmoja. Tabia hiyo hakuiacha.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970. Mwaka 1974 baba alifariki, na kabla wiki mbili hazijaisha ndugu wa baba alikuja na karatasi. Mama hakujua kusoma. Aliambiwa ni karatasi ya mazishi, akaweka dole gumba. Ilikuwa karatasi ya nyumba. Tulitoka mle na cherehani, vitanda viwili na sufuria. Dada alikuwa na miaka kumi na moja. Kabla karatasi haijachukuliwa, aliinakili yote kwenye daftari lake la hesabu, pamoja na maneno asiyoyajua. Daftari hilo alikwenda nalo sekondari, kisha chuo kikuu, alikohitimu sheria mwaka 1988. Huko ndiko alikojua kwamba karatasi ile haikuwa halali, na kwamba muda wa kudai ulikuwa umeshapita. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Yetu imekwenda. Ya wengine haitaenda hivihivi."

Mwaka 1994 alifungua ofisi yake mwenyewe, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi ishirini na mbili. Alishughulika na mambo mawili tu, hati za nyumba na viwanja, na wosia. Waliokuja na kesi za wizi au talaka aliwaelekeza kwa wenzake. Hakuandika hati ya kiwanja chochote kabla ya kukitembea kwa miguu, kona hadi kona, na ndipo jina lilipotoka. Wala hakuandika wosia mbele ya watoto. Mzee akiletwa na mwanawe, mwana alitumwa chini dukani akasubiri kati ya misumari na mabati. Mmoja aligoma kutoka.

"Mimi ndiye kifungua mimba," alisema.

"Hongera," dada akamjibu. "Mlango uko nyuma yako."

Aliandika kwa maneno mepesi. Kila kifungu kilichomtia shaka alinisomea mimi mdogo wake, niliyeishia darasa la saba na kumfagilia ofisi, lakini kwanza aliondoa majina yote akaweka Fulani. "Fulani anamwachia mke wa Fulani chumba cha mbele mpaka afe. Umeelewa nini?" Nikibabaika, alichana na kuandika upya. Miaka ishirini nimesikia habari za Fulani, wakeze, wapangaji wake na ukorofi wake, na mpaka leo nikipishana naye njiani simjui.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na mpima ardhi. Walikutana kiwanjani. Dada alisema kipimo kimepungua hatua mbili, shemeji akasema mkanda haudanganyi, wakapima mara tatu juani huku wenye kiwanja wamekaa kivulini wanacheka. Dada alikuwa sahihi. Shemeji husema alimwoa ili asikutane naye tena akiwa upande wa pili. Walijaliwa binti, ambaye sasa ni muuguzi, na mwana, ambaye ni fundi umeme.

Februari 2023 aligunduliwa na saratani ya tumbo. Alipasuliwa, akatibiwa, akarudi kazini, akipumzika mara tatu kwenye zile ngazi. Miezi ya mwisho aliitumia kwenye kabati la chuma lililo nyuma ya meza yake. Humo mna bahasha 212 zilizofungwa kwa lakiri, kila moja na wosia wa mtu aliye hai. Aliandika barua mbele ya mashahidi wawili: akifa, mwanasheria mwenzake wa jengo la jirani asimamie kurudishwa kwa kila bahasha mkononi mwa mwenyewe, na funguo zikae kwangu mpaka bahasha zirudishwe. Nilimuuliza kwa nini mimi, mtu wa roho juu. Akasema, "Ndiyo maana. Watu wenye amani husahau mlango wazi."

Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono.

Kesho yake, watu wakiwa bado wanaingia kutoa pole, wanaume wawili waliniita pembeni.

"Mama, tunaomba tuangalie tu ya mzee wetu. Hatuchukui kitu."

"Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Siku hizi hasikii vizuri."

"Basi akija nitaongea kwa sauti."

Alhamisi walikuja wengine. Ijumaa kaka yetu mkubwa, ninayemheshimu, alisema nimkabidhi funguo ili kuepusha maneno, na kwamba habari hii nisiiandike, si ya makaburini. Wanangu nao wameniomba nisijitafutie maadui. Kaka, nisamehe. Nimeiandika, na imeshachapwa. Mama yetu aliwekeshwa dole gumba wakati wa msiba, maana wakati wa msiba ndipo watu huona haya kuuliza. Mimi sioni haya.

Kwa hiyo wote mliofika msikie kwa pamoja. Jumatatu tarehe 14 Oktoba, kuanzia saa mbili asubuhi, ofisi itakuwa wazi, na mwanasheria mwenzake atakuwepo. Mwenye bahasha aje mwenyewe na kitambulisho chake. Mke asimchukulie mume, mume asimchukulie mke, mtoto asimchukulie mzazi. Asiyeweza kupanda ngazi tutamshukia chini. Asiyeweza kutoka kitandani tutamfuata kwake, na tutaomba wengine wote watoke chumbani, hata kifungua mimba. Itakayokosa mwenyewe itakwenda mahakamani ikiwa imefungwa kama ilivyo. Anayetaka kujua aliyoandikiwa, amtunze mzazi wake na asubiri.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu watatu; mmoja wetu alimtangulia. Ameacha pia watu 212 waliomwambia yeye peke yake wanachokitaka, na wengi wao nawaona hapa. Msihangaike. Hakuna aliyefungua.

Dada, pumzika sasa. Ulichotuachia tutakifikisha kama ulivyosema.